Nilivyofunga AC chumbani kwa mama Dodoma, na hela zilikoenda

Oktoba ya mwaka jana mama yangu mzazi alihamia kwetu Nzuguni akitokea Bahi, miguu ikiwa haimbebi tena vizuri. Tulimpa chumba cha pembeni, kikubwa kuliko vyote. Wiki ya pili nikasikia kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana anaomba ahamishiwe nje, chini ya mwarobaini. Nilidhani anapenda kuona watu wakipita. Siku moja nikarudi mapema kazini, nikaingia chumbani kwake saa tisa alasiri. Nilipogusa ukuta wa magharibi niliondoa mkono haraka. Feni ya juu ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, na ilichokuwa inashusha ni joto la bati.

"Mwanangu, sisi tumekulia kwenye tembe," akaniambia. "Juu udongo, pembeni udongo. Nje panawaka, ndani umetulia. Hapa kwenu jua linaingia na kukaa."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwambia mume wangu tutafute AC, hata kama itabidi tuahirishe uzio.

Kuna watu walitushauri ile mashine ya kupoza kwa maji, na kwa hewa kavu ya Dodoma inafanya kazi kweli. Ila inataka maji kila siku, na mtaani kwetu maji yanatoka kwa zamu. Halafu mvua zikishaanza Desemba hewa inakuwa na unyevu, na nguvu yake inapungua. Tukaiacha.

Fundi wa kwanza nilimpata kwa simu. Aliniuliza swali moja tu, chumba ni kikubwa au kidogo. Nikasema kikubwa. Akasema basi nunua ya BTU 18,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza), ufundi nitakufanyia kwa 80,000, maisha yaendelee. Nilikuwa karibu kabisa kwenda dukani. Kilichonizuia ni mfanyakazi mwenzangu anayekaa Ilazo. Yeye alifunga kwa haraka hivyohivyo, na baada ya miezi mitatu mashine ikawa inapuliza upepo wa kawaida. Akaja fundi kujaza gesi ya kupozea, ikaisha tena, akajaza tena. Mwisho ikajulikana viungo vya mabomba havikukazwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Alinipa namba ya fundi aliyekuja kumrekebishia.

Huyu wa pili alikataa kutaja bei kwenye simu. "Dada, mimi siwezi kuuza kitu ambacho sijakiona," akasema. Akaja Jumamosi asubuhi, akamwamkia mama kwa Kigogo, akaomba kuingia na futi yake. Chumba kikatoka mita 3.6 kwa 4.2, yaani mita za mraba 15 na kidogo. Akanieleza kwamba mafundi wengi huanzia kwenye BTU 600 kwa kila mita ya mraba, hapo unapata kama 9,000. Kisha unaongeza kwa sababu za nyumba yenyewe: ukuta unaopigwa na jua la jioni, bati lisilo na kizuia joto chini yake, dirisha pana. Kwetu sababu zote tatu zilikuwepo. Akasema tukiacha chumba kilivyo, hata 12,000 itahangaika, ndiyo maana mwenzake alikimbilia 18,000 bila kuona. Lakini tukikirekebisha chumba kwanza, 12,000, ambayo ndiyo wanaiita tani moja, itatosha vizuri.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo dukani hakuna aliyeniambia. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni ya mashine. Gharama inaamuliwa na nyumba yako.

Basi tukaanza na chumba. Fundi wetu wa dari alipanda akatandaza karatasi ya alumini ya kuzuia joto juu ya siling bodi. Tukanunua pazia zito la dirisha la magharibi, tukaziba matundu ya hewa ya juu na ule mwanya chini ya mlango. Yote kwa 140,000. Kabla hata AC haijafika, mama alisema joto la chumba limelegea kidogo.

Sehemu iliyotugombanisha mimi na mume wangu ilikuwa ni mahali pa kuweka mashine ya nje. Chumba cha mama kina kuta mbili za nje, ya magharibi na ya kaskazini, na kaskazini ndiyo mbele ya nyumba. Mume wangu hakutaka lile boksi lionekane kwenye uso wa nyumba aliyoijenga kwa miaka minne. Alitaka liende nyuma, uani. Fundi hakubishana naye, alichukua futi akapima njia ya mabomba mpaka uani: mita 9. Mashine huja na mabomba yake ya shaba, wenyewe wanaita kopa, na ya kwetu ilikuwa inakuja na mita 3. Mita 6 za ziada kwa 25,000 kila moja ni 150,000. Bado gesi ya kuongeza kwa sababu bomba ni refu, bado kutindua ukuta wa korido. Na ukuta wa magharibi? Hapo bomba lingekuwa fupi, ila mashine ingekaa juani mchana kutwa na kula vumbi lote la barabarani. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Ikiwa yenyewe inaungua, inatupaje?

Fundi akatuonyesha kitu ambacho sisi wakazi tulikuwa tunakiona bila kukiangalia. Miezi hii ya joto, kuanzia Oktoba, jua linaelemea kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini unabaki kivulini karibu siku nzima. Akatoboa hapo, mashine ya ndani na ya nje zikapeana migongo, na mita 3 zikatosha. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Baadaye alipanda mmea wa kutambaa mbele yake, mbali kidogo ili upepo usizibwe.

Mashine yenyewe tulinunua ya inveta, yaani inayopunguza kasi yenyewe chumba kikishapoa, yenye gesi ya R32, kwa 1,350,000. Isiyo ya inveta ilikuwa chini kwa kama laki tatu. Kulikuwa na ya mtumba pia, 450,000, na nilivutwa nayo sana. Fundi aliangalia kibandiko chake akasema inatumia R22. Hiyo ni gesi inayodhuru tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa hatua kwa hatua hadi 2030. Kadiri miaka inavyosogea inakuwa adimu, na siku ikivuja ndiyo utajua bei yake. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Ufundi ulikuwa 120,000, zaidi ya yule wa kwanza kwa 40,000. Hiyo arobaini nimeilipa kwa moyo mmoja, kwa sababu nilisimama nikaona ilikoenda. Alipomaliza kuunga mabomba hakufungulia gesi hapohapo. Alichomeka pampu ya vakyumu, akaiacha ifyonze hewa na unyevu wote kwa zaidi ya nusu saa, akaizima, akakaa kuangalia kama mshale wa geji unarudi. Usiporudi, hakuna panapovuja. Unyevu ukibaki ndani unaharibu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, polepole. Kama fundi wako hana pampu hiyo, tafadhali, tafuta mwingine.

Umeme nao ulikula. Soketi ya chumbani ilikuwa imeungwa kwenye laini moja na vyumba viwili, fundi akaigomea. Ukavutwa waya wake wa unene wa milimita za mraba 2.5 kutoka meini switchi, na breka yake peke yake: 95,000. Stabilaiza 180,000, maana kwetu umeme unapanda na kushuka jioni. Breketi za kushikilia mashine ya nje 35,000, bomba la kutolea maji na vikorokoro 15,000. Jumla, pamoja na lile pazia na karatasi ya darini, 1,935,000.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni luku. Nyumba yetu ilikuwa inatumia kama uniti 65 kwa mwezi, tunapika kwa gesi. Wenye matumizi ya nyumbani yasiyozidi 75 tulikuwa tunalipa shilingi 100 kwa uniti, ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Ukivuka hapo mara kwa mara unahamishiwa kundi la 292, ambayo kwenye luku inasoma 356. AC ya mama, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, ikiwa kwenye nyuzi 26, inakula uniti tatu na nusu kwa siku. Ni 105 kwa mwezi. Tukahamishiwa, na sasa hata taa na friji zinalipiwa kwa 356. Kutoka chini ya 8,000 tumefika 60,000 kwa mwezi. Ningejua mapema ningejipanga mapema, ingawa nisingeacha kufunga.

Unafuu wetu ni usiku wa Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua likizama upepo unapoa, na mama mwenyewe ndiye anayesema zima, fungua dirisha. Ndugu zangu wa Dar es Salaam wanaiwasha mpaka alfajiri.

Vumbi ndilo linalotaka uangalizi. Kila baada ya wiki mbili mwanangu anachomoa chujio za mashine ya ndani, anaziosha kwa maji ya bomba na kuzianika kivulini. Maji yanayodondoka kwenye mashine tunayakinga kwa ndoo, na mama ameagiza yaende kwenye mchicha wake. Saa tisa alasiri siku hizi nikipiga simu nyumbani naambiwa bibi amelala.