Mnara wa Taa Mchana

Mwako mmoja, kisha giza. Nikahesabu polepole hadi kumi, mwako ukarudi. Nahodha akaniambia nihesabu tena. Kila mnara wa taa una mpigo wake ulioandikwa kwenye ramani ya bahari, naye hakutaka kugeuza usukani kabla ya kuhakikisha kwamba ule ndio wetu. Tulikuwa watatu, siku ya nne baharini. Upepo ulikuwa umetukabili tangu asubuhi, na tulikuwa tumepiga bisho, tukienda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, mpaka viganja vikachubuka kwa kamba. Nilipoiona ile taa, maili 12 za baharini mbele yetu, nusura nilie.

Tulitia nanga alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Kina kilikuwa mita 3 tu, lakini mwezi ulikuwa mpevu na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, lingeongeza mita 3 nyingine, kwa hiyo nahodha alipiga hesabu ya mita 6 na kuachia mnyororo mara tano yake, mita 30. Tungeng'oa nanga maji yakijaa. Nilikuwa na saa sita hivi, na jambo moja tu nililolitaka: kuugusa ule mnara.

Nilipanda ngazi ya gati, vidato vyake vya chini vikiteleza kwa mwani. Mji ulikuwa mdogo, vichochoro vyake vyote vikiteremkia bandarini, na kwa kuwa miguu yangu ilikuwa bado baharini, niliona kuta zikiyumba. Juu kidogo palikuwa na makaburi. Jiwe moja lilikuwa na majina manne na tarehe moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikiufikiria usiku wetu.

Mnara wenyewe ulikuwa mfupi. Rangi ilikuwa imebambuka, mlango una kufuli. Siku hizi taa hujiwasha yenyewe. Niliuwekea kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

Alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akianika nguo nyumba ya jirani. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaacha nguo. Baba yake ndiye aliyekuwa akiitunza ile taa zamani za mafuta, akipandisha madebe ngazi zote zile kila jioni na kuamka usiku kucha kuiangalia. Yeye alizaliwa chini yake.

"Mliiona mkiwa mbali?"

"Maili kumi na mbili, bibi."

Akarudia ile namba taratibu. Kisha akaniambia kwamba maisha yake yote hajawahi kuiona kutoka baharini, wala baba yake hakupata kuiona. Akavuta kigoda, akanikalisha.

"Hebu nieleze inavyokuwa," akasema.

Nikaanzia kwenye giza.