Kupanda Mweka baada ya nusu ya safari: nilivyoikimbia marathoni yangu ya kwanza

Njia ya Kilimanjaro Marathon ni ya kusomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, hasa kwa mkimbiaji anayetoka Dar es Salaam. Mwaka nilioshiriki, sehemu ya kwanza ilifuata barabara kuu iendayo Himo, ikageuza na kurudi Moshi mjini bila mwinuko wa kumtisha mtu. Kisha, nusu ya safari ilipokwisha, ikaanza kupanda kuelekea Mweka, upande ambao wapanda mlima wengi hushukia wakitoka kileleni, na kupanda huko kukaendelea mpaka karibu na kilomita ya 32. Tofauti ya mwinuko kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ni takriban mita 300. Kilomita kumi za mwisho ni za kushuka hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Aliyeipanga njia hiyo, awe alikusudia au hakukusudia, aliuweka mlima mahali hasa ambapo mwili wa mkimbiaji wa kawaida huanza kuishiwa.

Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili, na nimevuka miaka arobaini. Nilikuwa nimeshakimbia nusu marathoni mara kadhaa jijini, kwa hiyo kilomita 21 hazikuwa jambo geni kwangu. Jambo geni lilikuwa kile kinachofuata. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa kiasi ambacho, kwa watu wengi, hutosha kukimbia umbali wa kilomita 30 hivi, na akiba hiyo ikikauka mwili hulazimika kutegemea zaidi mafuta, ambayo ni mengi lakini hutoa nguvu polepole. Hapo ndipo mtu aliyekuwa akikimbia vizuri hujikuta anaburuta miguu na kuona kila nguzo ya umeme iko mbali. Niliamua kwamba maandalizi yangu yote, kwa muda wa miezi mitano hivi, yangelenga mambo mawili tu: kufika chini ya mlima nikiwa bado na akiba, na kuwa na miguu inayojua kupanda ikiwa imeshachoka.

La kwanza lilinitaka nijifunze kukimbia polepole, na hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Nadhani sisi Watanzania tumelelewa na simulizi za Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Katika fikra zetu, kukimbia ni kutangulia. Marathoni haiendi hivyo. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 alikaa ndani ya kundi kwa zaidi ya saa mbili, katika mita za mwisho uwanjani akawa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akampata kwenye mstari wenyewe, na wote wawili wakaandikiwa muda wa 2:09:48, mshindi akathibitishwa kwa picha. Kama bingwa wa dunia anavumilia kuwa nyuma kwa kilomita 42, mhasibu wa Mwenge anaharakia nini? Kipimo changu kilikuwa rahisi: kama siwezi kumweleza mwenzangu kisa kizima bila kukata maneno kwa kuhema, basi nimezidisha mwendo. Mazoezi ya namna hiyo huuzoesha mwili kutumia mafuta mapema na kuutunza wanga, na zaidi ya hapo hayaumizi kiasi cha kumfanya mtu achukie kuamka kesho yake.

Ratiba ya juma ilijipanga yenyewe kulingana na kazi. Jumanne na Alhamisi nilikimbia kabla ya kwenda ofisini, nikianza saa 11 alfajiri ili jua lisinikute barabarani, kwa kuwa joto la Dar es Salaam pamoja na unyevu wake humnyang'anya mtu maji mengi kuliko anavyohisi. Jumamosi nilijiunga na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu, wanaokimbia kwa kuimba na kupiga makofi kama mchakamchaka wa shule, na sitakaa nimsikilize mtu anayesema kwamba mazoezi ya aina hiyo si ya maana. Anayeweza kuimba akiwa anakimbia, huyo mwendo wake ni sahihi kwa marathoni. Kwa mwanamke, kikundi kina faida nyingine isiyohitaji maelezo marefu: giza la alfajiri halifai kukimbiwa peke yako. Siku za katikati ya juma tulikuwa watatu, tumevaa vizibao vya kung'aa, na vijana wa bodaboda pale kituoni walitusindikiza kila mara kwa swali lilelile, "Mama, nani anakufukuza?" Baada ya miezi miwili wakaacha kuuliza, wakawa wanatuambia tumechelewa.

Jumapili ilikuwa siku ya mbio ndefu, na hapo ndipo niliporudia sura ya njia ya Moshi kwa kadiri Dar es Salaam inavyoruhusu. Jiji letu kwa sehemu kubwa ni tambarare, lakini si lote. Nilitoka Mwenge kuelekea Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo na kurudi, mwendo wa kujizuia, kisha badala ya kwenda nyumbani nikaingia upande wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makongo Juu, ambako kuna miinuko ya kweli, na kuimalizia huko saa ya mwisho. Mtu akikimbilia mlima akiwa bado mzima atajifunza namna ya kupanda mlima akiwa mzima, na Mweka haumpokei mtu akiwa mzima. Umbali niliuongeza kidogo kidogo, kila baada ya majuma matatu nikiupunguza kwa juma moja ili mwili upumue, mpaka nikafikia kilomita 32. Sikuwahi kufika 42 kwenye mazoezi, na walimu wengi wa mbio hawashauri mtu afike, kwa sababu uchovu wake ni mkubwa kuliko faida yake.

Viatu nilivinunua mtumba, soko la Karume, na kwa kuwa wengi wetu ndivyo tunavyofanya, ni vema nieleze nilivyovichagua. Muuzaji atakuonyesha kwanza sehemu ya juu iliyooshwa ikang'aa. Wewe geuza kiatu. Soli ya nje ikiwa imelika upande mmoja wa kisigino, mwenye kiatu wa kwanza amekuachia mwendo wake, na mguu wako utalazimishwa kuufuata. Kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kutoka nyuma: kisiegemee. Bonyeza kwa kidole gumba ile sponji nene iliyo kati ya soli na unyayo. Ikiwa imejaa mikunjo midogo na hairudi ikiachiwa, imeshakufa, hata kama kiatu kinaonekana kipya. Kisha kikunje: kiatu kizuri cha kukimbilia hujikunja kwenye vidole, si katikati ya unyayo. Nilichagua kinachozidi saizi yangu ya kawaida kwa nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa sababu miguu huvimba ikikimbia saa nyingi, na wakati wa kushuka mlima vidole husukumwa mbele. Muuzaji alinivumilia kwa nusu saa nzima, akanipunguzia bei, nadhani ili niondoke.

Kuhusu chakula sikuwa na makuu. Ugali, wali, viazi vitamu na maharage vilitosha, na siku mbili za mwisho niliongeza wali na kupunguza mboga na maharage ili tumbo litulie. Wakati wa kukimbia nilitumia tende. Vipo vijeli vya kigeni vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa bei ya mlo kamili, na wenye uwezo wavitumie. Lakini tende ndogo nne au tano kila nusu saa, zilizotolewa kokwa na kufungwa kwenye mfuko mdogo wa nailoni, zinampa mkimbiaji wanga wa kutosha na tumbo langu limezizoea tangu utotoni. Nilizifanyia majaribio katika mbio zote ndefu, kwani siku ya mashindano si siku ya kulijaribu tumbo. Maji nilikunywa kwa kiu, mafunda machache kila kituo, nikachanganya na chumvichumvi ile ya dukani inayotumiwa kwa wagonjwa wa kuharisha. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi hushusha kiwango cha chumvi katika damu, na hali hiyo inaweza kuwa ya hatari kubwa zaidi kuliko kiu.

Majuma matatu ya mwisho nilipunguza mazoezi, nikalala mapema, nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Nilisafiri kwenda Moshi siku mbili kabla, nikachukua namba yangu, nikapumzika.

Mbio za kilomita 42 zilianza saa 12:30 asubuhi, hewa ikiwa ya baridi kidogo. Mwishoni mwa Februari mvua za masika bado, na watu wa Moshi walikuwa wametuonya kwamba kufikia saa tatu jua lingekuwa kali. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, na wageni wengi walisimama kukipiga picha. Nilikwenda kwa zaidi kidogo ya dakika saba kwa kilomita, na katika kilomita tano za kwanza nilipitwa na watu wa kila umri, wakiwamo wanafunzi waliokuwa wakipiga soga. Miguu ilitaka kwenda. Kazi yangu yote ya asubuhi ile ilikuwa kuikatalia. Niligeuza, nikarudi mjini, nikala tende kwa saa, si kwa njaa, na nusu ya njia ilinikuta kwenye saa 2 na dakika 31, nikiwa naweza bado kuongea.

Barabara ya Mweka huanza kwa upole. Nyumba za mjini zinaachana, migomba na mikahawa inaanza kusogea karibu na barabara, na mtu anaweza kudanganyika kwamba huo ndio mlima. Mlima wenyewe uko mbele. Watu walikuwa wametoka majumbani na viti vyao, watoto wakinyoosha viganja tuvipige, na kila mtu, tangu kilomita ya 24, alikuwa akitupa habari moja: "Kaza, mama, bado kidogo!" Ulikuwa uongo wa hisani na niliupokea. Mpango wangu ulikuwa kukimbia penye mwinuko wa wastani na kutembea kwa haraka penye mwinuko mkali, mikono ikifanya kazi, bila kusubiri nishindwe ndipo nitembee. Karibu na kilomita ya 28 nilimfikia mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akitembea hivyohivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Basi tembea, usione aibu. Huku kupanda hakukumalizi. Kinachokula mapaja ni kule kushuka."

Alisema kweli, na ni jambo ambalo wengi waliojiandaa kwa mlima husahau. Mguu unaposhuka hufunga breki katika kila hatua, msuli wa paja ukinyooka huku umekaza, na hakuna kinachouchana msuli kama hicho. Huko Makongo Juu nilikuwa nimejilazimisha kushuka kwa kukimbia badala ya kupumzika kwa kutembea, na faida yake niliiona hapo, baada ya kugeuza. Nilifupisha hatua, nikaacha mwili uegemee mbele kidogo badala ya kuvutana na mteremko, nikawa nahesabu pumzi. Kati ya kilomita ya 34 na 38 niliwapita watu wengi, baadhi yao wale wa asubuhi, wengine wamekaa kando ya barabara wakinyoosha misuli iliyokaza huku wakazi wakiwamwagia maji. Sitasema haikuuma. Kilomita ya 39 hadi ya 41 mapaja yalikuwa yakiwaka, jua limeshakuwa lile tuliloonywa, tende hazipiti tena kooni, na katika kituo cha maji nilipewa kipande cha chungwa ambacho mpaka leo sijala kingine kitamu hivyo. Niliingia uwanjani nikikimbia, polepole lakini nikikimbia, na muda wangu ulikuwa saa 5 na dakika 18. Nusu ya pili, pamoja na mlima wake, iliizidi ya kwanza kwa dakika 16 tu, na hesabu hiyo ndiyo ninayojivunia kuliko medali.

Anayefikiria kurudi Dar es Salaam siku hiyohiyo naomba abadilishe tiketi. Nilibaki Moshi usiku ule, nikashuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume huku nimeshika ukuta, nikala ndizi nyama na kulala kabla ya taarifa ya habari. Asubuhi nilipanda basi na nikachagua kiti cha pembeni mwa ujia, ili niweze kunyoosha mguu na kusimama bila kumsumbua jirani. Kila basi liliposimama niliteremka na kutembea, hata pale Korogwe abiria wenzangu walipokuwa wakikimbilia chakula, kwa sababu miguu ikikaa imekunjwa saa nyingi baada ya kazi kama ile hukakamaa kupita kiasi. Kucha moja ya kidole gumba iligeuka nyeusi na kung'oka baada ya mwezi. Sikukimbia tena mpaka majuma mawili yalipokwisha, na nilipotokea pale kituoni alfajiri nikiwa na kizibao changu, wale vijana wa bodaboda walitaka kwanza waione medali.