Jani la Nne

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Ayubu 42:10-13. Fungueni Biblia zenu kabisa, maana leo tutahesabu.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua dagaa. Huku kwetu Kigoma mvua zimeshaanza, udongo umelainika, na wanangu watatu walikuwa chini ya mwembe tangu asubuhi wakilima bustani yao. Uzio ni vipande vya shina la muhogo, maboga ni chikichi za kuokota, na ziwa ni beseni bovu lililojaa maji ya mvua. Mkubwa alikuwa mama. Wa kati alikuwa baba, anatoka ziwani na samaki wake, migebuka ya majani makavu. Mdogo alikuwa kuku, na aliparua bustani ya watu asubuhi nzima.

Ikafika saa ya kula. Mkubwa akachuma majani ya mwembe, akayapanga chini, akapakua ugali wa matope. Nikaona majani ni manne. Wa kati akanyoosha mkono kuchukua lile la mwisho, dada yake akamzuia: "Acha, hilo la mdogo wetu aliyelala."

Nilibaki na dagaa mkononi.

Mdogo wao aliyelala nilimzaa Juni 2022. Alitimiza miezi yake tisa tumboni, akazaliwa kimya. Akina mama walikwenda kumzika mimi nikiwa bado kitandani, na niliporudi nyumbani nguo zake zilikuwa zimeshaondolewa. Walifanya hivyo kwa upendo, najua. Nikaambiwa nijikaze, Mungu atanipa mwingine. Miezi miwili baadaye akaja karani wa sensa, akauliza waliolala humu ndani usiku wa kuamkia Agosti 23. Nikawataja, akaandika, akaaga. Kijana yule alifanya kazi yake vizuri tu. Ila alipoondoka nilikaa pale pale kwenye kigoda mpaka giza likaingia.

Na kweli Mungu alinipa mwingine. Ndiye yule kuku wa Jumamosi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku iendayo kwake, lakini yeye si yule.

Sasa tuhesabu. Katika sura ya kwanza Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Akapoteza vyote, na watoto wake wote wakafa. Katika sura ya mwisho ana kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe na punda 1,000. Aya ya 10 inasema Bwana alimpa mara mbili ya vile alivyokuwa navyo kwanza, na hesabu inakubali. Njooni kwa watoto. Mwanzoni wana saba na binti watatu. Mwishoni wana saba na binti watatu. Mbona hawakuwa ishirini?

Wako waliotutangulia katika imani waliolijibu swali hili, na jibu lao nimelishika kwa mikono miwili. Ngamia akifa amekwisha, kwa hiyo kumrudishia Ayubu mara mbili kulitaka ngamia wote wawe wapya. Lakini wale watoto kumi wa kwanza Mungu hakuwatoa kwenye hesabu. Walikuwa bado wake Ayubu. Ongeza kumi waliofuata, ishirini hao wametimia.

Nikifika hapa humfikiria mke wa Ayubu. Tumemhubiri vibaya mama yule kwa lile neno lake moja la uchungu alilomwambia mumewe, "Umkufuru Mungu, ukafe," tukasahau kwamba alikuwa amepoteza watoto kumi siku moja. Rafiki watatu walikuja wakaketi chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku. Aliyekwenda kuketi na mkewe hatuambiwi.

Katika jumuiya zetu yuko mama wa namna hii, tena huenda jirani yako mnayepishana naye kila siku mkienda sokoni. Usimwambie atapata mwingine. Na usiogope kwamba utamkumbusha, kwa sababu hajasahau. Nenda ukaketi naye, umuulize mtoto alipewa jina gani. Mimi katika miaka yote hii nimeulizwa mara moja, na bibi mmoja mzee wa Ujiji, na sitamsahau bibi yule.

Jina tulimpa. Lakini mbele ya watoto nilikuwa sijawahi kulitaja, kinywa kilikuwa hakifunguki. Jumamosi niliweka ungo chini, nikaenda nikachuchumaa kwenye ule uzio wa muhogo, nikawaambia aliyelala anaitwa nani. Mkubwa akalirudia jina polepole, mara mbili. Kuku naye akalijaribu. Wa kati akaniuliza kama anapenda migebuka.

Nikamwambia naona angeipenda sana.

Akachukua fimbo yake, akarudi ziwani kumvulia.