Nilivyotuliza ubishi wa kikokotoo ofisini kwa walimu

Kwetu ofisini kikitajwa kikokotoo (kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu) bas, madaftari hayasahihishwi tena. Wakubwa wanasema tumedhulumiwa, vijana (ambao kustaafu wanakuona huko mbaali) wanasema bila kupunguza mkupuo mifuko ya pensheni ingekufa, na anayeshinda ni mwenye sauti.

Mi nikachukua chaki. Nikaandika mtu wa mfano, kafanya kazi miaka 30 yani miezi 360, wastani wa mshahara wa miaka yake mitatu bora milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF (mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ya wakati ule) unazidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, unagawa kwa 540, unapata mil 8, hiyo mara 15.5 halafu nusu yake ndo mkupuo (hela unayopewa mara moja ukistaafu), mil 62, na nusu nyingine ya ile mil 8 ukiigawa kwa 12 ndo pensheni ya mwezi, kama 333,000. Ya sasa unagawa kwa 580, unazidisha 12.5, na tangu bajeti ya 2024 waliokuwa wanachukua nusu kwa mkupuo wanachukua 40% badala ya ile 33% ya 2022, mkupuo unakuja kama mil 37 na mwezi kama 372,000.

Mzee mmoja akadakia, "si ndo tunasema mwanangu, waturudishie 50 yetu". Nikamwambia haya mzee, tuipachike hiyo 50 kwenye kanuni ya sasa. Ikatoka mil 46 na nusu. Mil 15 na ushee bado hazipo, zimeliwa na 580 na 12.5 ambazo miaka yote hamna aliyekuwa anazitaja, wote tumekomaa na asilimia!

Madam mmoja akauliza kwanini kodi isijazie. Ila kodi ishaanza kujazia, serikali ilikuwa na deni PSPF la watumishi wa kabla ya 1999 ambao hawakuwa wanachangia, na 2021 ikatoa hatifungani (hati za mkopo za serikali) za trilioni 2.17 kulilipa, sasa vijana mkisema mfuko ulichoka mseme na huo mzigo. Kupandisha PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) mi sikubali, maana tunaokatwa ni haohao tunaochangia mfuko 5% ya mshahara.

Hatukukubaliana kila kitu, vijana bado wanapenda pensheni nono ya mwezi. Ila mwakilishi wetu wa chama kaondoka na karatasi moja, juu kabisa imeandikwa 580 na 12.5, asilimia iko chini.