Kabla ya kuhesabu, natazama upande wa kulia

Muhula mzima nilikuwa mtu wa njia moja. Nikikutana na mlinganyo tofautishi wa mstari (unaotafuta fanksheni y kupitia y na derivati zake, yaani kasi zake za kubadilika, bila kuzizidisha hizo zenyewe kwa zenyewe) wenye chochote kisicho sifuri upande wa kulia, nilikimbilia njia ya Lagrange, ile ya kuchukua majibu mawili ya mlinganyo wenye sifuri na kuzigeuza namba zao zisizobadilika kuwa fanksheni. Niliipenda kwa kuwa haichagui. Wenzangu walibuni umbo la jibu, wakatafuta namba zake, mara wakakwama. Mimi sikukwama, ila nilichelewa.

Kisha ikaja siku ya jaribio, na swali lenyewe lilikuwa y″ + 4y = x³, ambapo y″ ni derivati ya pili ya y. Majibu ya upande wa sifuri, yaani ya y″ + 4y = 0, ni cos 2x na sin 2x, hayo nayapata hata usingizini. Lakini Lagrange akaniletea intigrali mbili, x³ mara sin 2x na x³ mara cos 2x, na kila moja ilitaka nifanye intigrali kwa sehemu mara tatu. Jumla mara sita, alama za kutoa zimejazana kama siafu. Moja ikanipotea njiani, na jibu langu likabaki na mkia wa cos² uliokataa kufutika. Aliyekaa karibu nami aliandika Ax³ + Bx² + Cx + D, akaiweka ndani ya mlinganyo, akapata A = 1/4, B = 0, C = −3/8, D = 0. Jibu lake, x³/4 − 3x/8, lilimchukua mistari mitano, naye alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili.

Basi nikahama, tena kwa pupa. Ikawa kila swali ni kubuni. Wiki hiyohiyo nikakutana na y″ + y = tan x, nikabuni A tan x. Derivati ya tan x ni 1 + tan² x, nikaona niongeze tan². Derivati ya pili ikaleta tan³, nikaiongeza nayo. Hiyo tan³ ilipopigwa derivati mara mbili ikazaa tan⁵. Niliacha kalamu.

Pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho mwalimu alikuwa amekisema na mimi nikakiandika daftarini bila kukisikia. Kubuni kunafaa pale derivati za upande wa kulia zinapobaki ndani ya ukoo wenye idadi. Sini huzaa kosini, na kosini humrudisha sini. e³ˣ huzaa e³ˣ. Polinomia hushuka kipeo kwa kipeo mpaka ikaisha. Hata ukizizidisha hizi zenyewe kwa zenyewe, ukoo haupanuki bila kikomo. Lakini tan x, 1/x, logi ya x, kila derivati inakuja na mgeni. Huwezi kuandaa viti kwa wageni wasio na hesabu. Kwa tan x ile, Lagrange alinipa −cos x · ln|sec x + tan x|. Nani angelibuni hilo?

Siku hizi, kabla ya kuchagua, napiga derivati mbili tatu pembeni mwa karatasi. Ukoo ukijirudia, nabuni. Ukitawanyika, Lagrange. Na kubuni nakuruhusu tu pale namba zinazozidisha y na derivati zake hazibadiliki. Zikiwa na x ndani yake, huwa silaumu mtu anayekwenda moja kwa moja kwa Lagrange, mradi awe tayari ana majibu ya upande wa sifuri, maana bila hayo hata Lagrange hana pa kuanzia.

Upande wa sifuri ndio ninaouanza daima, na hilo nalo nilifunzwa kwa aibu. y″ + y = sin x: nikabuni A sin x + B cos x, nikaweka, kila kitu kikafutana, nikabaki nimetazamana na 0 = sin x. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea kujumlisha. Kumbe sin x yenyewe ni jibu la upande wa sifuri, kwa hiyo lazima mlinganyo uimeze. Dawa ni kuzidisha ubunifu kwa x, na ikitoka hivyo jibu ni −(x cos x)/2, linalopanda na kushuka kwa upana unaozidi kukua. Wanaosoma mitetemo wanalijua vizuri umbo hilo.

Kosa lililonichelewesha zaidi ni dogo kuliko yote. Mlinganyo x²y″ − 2y = x³ una x² na 1/x upande wa sifuri. Nikatia x³ kwenye fomyula ya Lagrange kama ilivyo, nikapata x⁵/18. Nilipoirudisha kwenye mlinganyo, upande wa kulia ukatoka x⁵. Fomyula hiyo inadai y″ isimame peke yake, kwa hiyo nilipaswa kugawanya kwa x² kwanza na kutumia x, si x³. Jibu sahihi ni x³/4. Tangu hapo sikabidhi karatasi kabla ya kulirudisha jibu ndani ya mlinganyo.

Njia ya Laplace, ile inayougeuza mlinganyo tofautishi kuwa wa aljebra, naiweka kando mpaka nione thamani za mwanzo zimetajwa, au upande wa kulia unaruka ghafla, kama umeme unaowashwa sekunde ya 3.

Juzi nilipewa y″ + y = x² + tan x. Zamani ningechagua njia moja nikateseka nayo. Safari hii nilikata upande wa kulia vipande viwili: x² nikaibunia, ikatoka x² − 2, tan x nikampa Lagrange, nikajumlisha.