Kutoka kiti cha dairekta hadi darasani: navyofundisha kamera tatu kwa maboksi na simu

Studioni neno "teki" hunitoka mdomoni bila kufikiri. Chuoni hapa Tabora ilinibidi nilivunje vipande ndipo mwanafunzi alishike. Ugumu wa dairekta anayegeuka mhadhiri uko hapo. Mengine ni makaratasi. (Shahada ya uzamili itafute mapema, maana miaka ya studio haizibi pengo lake.)

Amri ya dairekta ina sehemu mbili. "Redi mbili" inamtuliza kameramani wa pili na kumfanya mtu wa swicha (mashine ya kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani) aweke kidole kwenye kitufe. "Teki mbili" ndiyo inayoingiza picha hewani. Wanaoanza huruka ile ya kwanza, na mtazamaji anaiona kamera ikiwa bado inatafuta fokasi.

Kamera moja haitoshi darasa la watu 40, kwa hiyo naanza na maboksi. Kata kwenye boksi tundu la sentimita 16 kwa 9. Ukilisogeza karibu na jicho unapata picha pana, ukinyoosha mkono unapata ya karibu. Watatu washike maboksi, mmoja aamuru, mwingine awe swicha kwa kuinua kadi yenye namba. Weka viti viwili, cha mtangazaji na cha mgeni (hapa kwetu mrina asali hakosekani), kisha tandaza kamba sakafuni toka kiti hadi kiti. Kamera zote zikae upande mmoja wa kamba. Ikivuka moja, wazungumzaji wataonekana wanatazama upande mmoja, kama abiria wa treni ya Kigoma. Wakivuka kwa makusudi mara moja na kujionea kosa, sihitaji kurudia.

Baada ya hapo ndipo simu. Ziwekwe hali ya ndege, maana simu ya mjomba ikiingia rekodi inaweza kukatika. Chagua fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50; kwa fremu 30 na shata 1/60, tyubulaiti za darasani huleta mistari inayotembea kwenye picha. Gusa uso wa mgeni na ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kifungwe, kisibadilike chenyewe. Nje, epukeni kivuli chenye matobo cha miembe: jua la saa sita hutia madoa usoni, na hakuna programu inayoyafuta vizuri. Tumieni kivuli cha ukuta. Nafasi ya kuhifadhi nayo ihesabiwe: dakika moja ya video inaweza kula takriban megabaiti 130, kutegemea ubora uliochagua.

Sauti ichukuliwe na simu ya nne, sentimita 20 hivi toka kinywani. Pigeni kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni, mbele ya kamera zote. Sauti na picha zikilingana kwenye kofi la kwanza, kisha zikaachana kwenye la mwisho, ujue simu ilikuwa inabadilisha kasi ya fremu. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua kasi isiyobadilika, ndipo uhariri.

Kipindi cha mtihani ni dakika 5 kamili. Kila sekunde 5 zinazozidi au kupungua zinakula alama moja. Wananiona mkali. Lakini hewani taarifa ya habari haimsubiri mtu. Nawafundisha kuhesabu kinyumenyume: maneno ya kufunga sekunde 20, jibu la mwisho sekunde 50, basi swali la mwisho liulizwe kabla ya 3:50.

Yote haya yaandikwe kwenye mpango wa kozi. Krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ina saa 120, na mihadhara ni sehemu tu ya saa hizo. Mazoezi yasipoandikwa huishia kusukumwa Jumamosi, na Jumamosi nusu ya simu hazina chaji.