Desibeli 5 zilizotaka kuninyima helikopta

Washauri nilikuwa nao wengi, na karibu wote walinipoteza. Wa kwanza: "Sikio bovu na urubani wapi na wapi?" Wa pili: "We bonyeza tu, nani atajua?" Mjinga mimi nikamfuata wa pili.

Nilikuwa naomba urubani wa helikopta, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Kwenye kipimo cha usikivu, mwombaji mpya anabanwa hivi: kila sikio lisizidi desibeli 25 (ukubwa wa mlio) kwenye hezi (wembamba wa mlio) 500, 1000 na 2000, 35 kwenye 3000, na 45 kwenye 4000 na 6000. Namba ikipanda, usikivu umeshuka. Sikio langu la kulia lilisoma 50 kwenye 4000, kwingine safi.

Kwenye marudio nikaingia kibandani na ujanja wangu. Hedifoni nyekundu kulia, bluu kushoto, kitufe kiganjani, cha kubonyeza kila ukisikia mlio. Nilidhani milio inafuatana kwa mpigo kama saa ya ukutani. Thubutu! Ukibonyeza, mlio unashushwa desibeli 10. Ukinyamaza, unapandishwa 5. Muda kati ya mlio na mlio nao unabadilishwa makusudi. Nikabonyeza, hakuna mlio; nikabonyeza tena, hakuna mlio. Mara ya sita mpimaji akagonga kioo, akanionyesha mikono yake miwili: haipo hata kwenye mashine. Akaandika kwamba majibu hayaaminiki.

Kumbe shida ilikuwa msumeno. Nafanya kazi kiwanda cha mbao, na kipimo cha kwanza nilikwenda moja kwa moja kutoka zamu. Kelele hufifisha usikivu kwa muda, na huanza kung'ata hapo hapo kati ya 3000 na 6000. Kwa kipimo cha msingi, jeshi lenyewe hutaka saa 14 bila kelele. Mimi nikachukua siku mbili, hata redio ya gari sikuwasha. Nta nikailainisha kwa matone siku nne, kisha kliniki wakaiosha, dola hamsini na kitu. Vijiti vya pamba achana navyo, vinaishindilia ndani. Ukiwa na mafua, ahirisha. Miwani na hereni vua: hedifoni ikikaa pembeni ya tundu la sikio, milio myembamba ndiyo inayopotea.

Safari hii 4000 ikasoma 40.

Uharibifu wa kudumu hauondoki kwa kupumzika. Hapo unaomba msamaha wa kitabibu, yaani ukubaliwe ingawa hujafikia kipimo, na aliyekwisha kuwa rubani husikilizwa kuliko mwombaji. Aliyewahi kutumia kifaa cha kusaidia kusikia, hilo peke yake ni kikwazo cha kuandikishwa jeshini. Liandike kwenye fomu. Kwa marubani wa kiraia hukohuko Marekani, njia mojawapo ya kupita ni kumsikia daktari akiongea kawaida ukiwa umempa mgongo, futi 6, na kifaa kinaruhusiwa.

Kiwandani sasa navaa vizibo vya sponji: viringisha hadi viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, sukuma, shikilia mpaka vitanuke. Juu yake naweka vifuniko. Wenzangu wameshaanza kuniita kapteni.